Maombi ya saa tisa usiku

Karatasi ya ritrete haikuomba bintu ya ajabu. Shuka, blanketi, ndoo ya kuogea, tochi, gitare ya nyuzi sita (yangu iko na tano, ya sita ni waya ya freni ya kinga, lakini ukiikaza muzuri inalia, usinicheke), na pa mwisho kabisa, kila muntu alete dakika kumi ya sauti ya pale anaishi. Isikuwe muziki, isikuwe radio. Paka vile kwako kunasikika.

Ritrete yenyewe ni ya sisi bale tunapiga gitare ya bazee ya Katanga, ile ya vidole mbili, kidole gumba na kile kinafuata, sawa vile Mwenda Jean Bosco alikuwa anapiga wakati Mwingereza Hugh Tracey alimukuta ku Jadotville mwaka 1952 akamurekodi. Jadotville njo Likasi ya leo, na njo kule tulikuwa tunaenda, kilometa kama 120 toka Lubumbashi, kulala kulekule, asubuhi gitare, mangaribi kusikiliza tu, bila kusema. Pa "bila kusema" bibi yangu alicheka mpaka akaacha mwiko mu bukari.

Mama mukwe yeye hakucheka. Mama mukwe alikuya kututembelea wakati wa mvua, mvua ikaisha, jua ikakuya, na yeye eko. Akauliza hiyo kusikiliza inafundishwa namna gani, juu yeye anasikia tangu anazaliwa na hakuna muntu alimupa karatasi. Nikamufasiria vile bale ba ritrete balitufasiria: kuko mama moja wa Marekani, Pauline Oliveros, mwaka 1988 alishuka na akodeoni yake ndani ya tanki ya maji ya zamani, chini ya udongo, ku Fort Worden, jimbo la Washington, na mule ndani sauti ikitoka inabaki inazunguka sekunde 45 mbele ya kupotea, na hiyo kusikiliza yetu ilianzia mulemule.

- Na maji?
- Hamukukuwa tena maji, mama.
- Sasa alishuka kutafuta nini? Bandugu yake balikuwa wapi?
- Bawili balishuka naye.

Akatikisa kichwa, akarudilia matembele yake.

Basi nikaanza kutafuta sauti mu Katuba, kwetu ku Lubumbashi. Ku mashini ya kusaga telefone ilirudi nyeupe pe. Pa njia panda, mama moja wa makala akaniona nimesimama na telefone mbele ya gunia yake, akaniuliza natumika na Leta ao namna gani, na mbele nijibu alikuwa amekwisha kubeba gunia. Nikasema bon, sauti ya kweli ni ya usiku. Nikaingiza telefone mu soksi juu ya umande, nikaiweka pa dirisha ya inje, irekodi yenyewe mpaka kunakucha, mi nikalala.

Kesho yake ilikuwa siku ya posho. Mu lupango muntu yote eko: banafua, banasuka nywele, mwenye lupango anakunywa chai yake pa kiti. Nikaazima bafle kwa kijana wa nyumba ya nyuma, ile bafle kubwa anapelekaka ku matanga, nikafunga na blutuzi, nikaita bantu: kuyeni musikie lupango yenu. Telefone yenyewe nikaiacha mu nyumba ku chaji, juu umeme ilikuwa inatoka kurudi, na umeme ikirudi haungojee.

Mwanzo ilikuwa muzuri sana. Kinyenze. Imbwa ya mbali. Jogoo ya mwenye lupango, batoto bakapiga makofi, "njo ule! njo ule!", mwenye lupango akacheka na furaha yote. Kisha mulango ikalia. Babushi, pwata pwata pwata, karibu kabisa na soksi yangu. Na sauti:

"Eee Bwana wa majeshi."

Mama mukwe anaombea inje, saa tisa usiku, juu asituamushe. Ile bafle ya matanga inajua kubeba maombi.

"Naweka mbele yako huyu mukwe. Haiko muntu mubaya, Bwana. Anakula tu. Umutoshe ile roho ya gitare, ao umupe uzi ya sita."

Nikakimbia. Telefone inaomba kidole. Natia kidole, inakatala. Ile waya ya freni ilikwisha kula ngozi, kidole haina hata mustari moja ya kusoma. Natia namba, mikono iko na sabuni, inaniambia ngoja kwanza. Na inje inaendelea:

"Umuangalie mama wa nyumba ya pili, ule aliazima mbabula yangu. Wewe unaiona, Bwana, iko nyuma ya mulango yake, amefunika na beseni ya kijani. Na mwenye lupango, ule anasema nyumba haivuji. Haivuji kwake. Kwangu inavuja pa mto."

Nikatoka mbio kuzima bafle yenyewe, nikakamata kifungo, nikazungusha, sauti ikapanda. Kijana wa bafle akanishika mukono. Shemasi moja wa kanisa yetu, alikuya tu kuchota maji, akanikaripia: maombi haikatwe katikati! Mama wa nyumba ya pili alikuwa ameinamia nguo, anafua shati moja tu, anafua, anafua. Mwenye lupango chai ilikuwa imefika pa kinywa, ikabaki pale.

Na mama mukwe? Eko pa kivuli anachagua maharagi. Alisikiliza mpaka mwisho, akaitika "Amina" pamoja na bafle, akaniangalia.

- Kumbe sauti yangu ni muzuri hivi?

Mbabula ilirudi mbele ya saa sita, ingali na moto, mtoto aliiweka pa mulango akakimbia. Mangaribi mwenye lupango alituma muntu na ngazi na bati mbili, na bibi yangu, mwenye alikuwa amelia na cheko mpaka macho imevimba, akasema sasa anaelewa hiyo ritrete yetu inasaidia nini.

Usiku nafunga mizigo, mama mukwe anakuya pa mulango. Anataka kujua kama bale ba Likasi batasikiliza yote ao batakata.

- Batasikiliza yote, mama.
- Basi leo weka tena telefone pale pa dirisha. Kuko bantu nilisahau.