Mguu wa baba mkwe ulivyoshuka darini

Dodoma mvua ni za msimu mmoja tu, zinaanza mwishoni mwa mwaka, Aprili hivi zinakata, baada ya hapo ni jua na upepo mpaka visigino vinapasuka. Kwangu na dari ya sebuleni ilikuwa inapasuka. Ufa wenyewe ulikaa pale dari inapokutana na ukuta unaotenganisha sebule na korido, Julai unaanza mwembamba huuoni vizuri, ikifika Oktoba unaingiza sarafu ya shilingi mia. Mvua zikishika unajifunga wenyewe kimyaaa mpaka unasahau kama uliwahi kuwepo. Sisi tulishauzoea, na kuna mjusi alikuwa anaishi humo na familia yake bila kodi.

Asiyeuzoea alikuwa baba mkwe.

Baba ni mwalimu mkuu mstaafu, alikuja kutoka Bukoba kumuona mjukuu, na Bukoba mvua zinanyesha karibu mwaka mzima, mbao za kule hazijui kiu, kwa hiyo dari yake haina hata mkwaruzo, jambo alilotukumbusha kila tukikaa kula. Siku alipouona ufa akavua miwani, akaipangusa, akavaa tena. "Baba Jeni, hii kazi ulimlipa fundi au ulimlipa mganga?" Kesho yake nimerudi kazini namkuta juu ya stuli na rula ya mjukuu, anapima milimita anaandika kwenye daftari, na kesho yake hivyo hivyo, mpaka jirani akaniuliza kama nyumba inauzwa.

Sasa baba mkwe akikwambia "nitakutengenezea" unamjibu nini? Unasema ahsante baba. Akaagiza simenti nyeupe, akaagiza puti, akachanganya na gundi ya mbao, akashindilia ule ufa kwa kisu cha siagi mpaka mjusi akahama usiku huo huo. Akapiga msasa, akapaka rangi. Dari ilikuwa imependeza bana, siwezi kudanganya. Picha ikaenda kwenye grupu la ukoo, mashemeji wakajaza makofi, mmoja akaandika "mkwe ajifunze".

Mvua zikaja. Usiku wa kwanza nasikia ka! Kimya. Ka! Asubuhi kuna kipande cha puti kwenye chai ya Jeni. Baba akasema panya. Tukaweka sumu ya panya. Ka! Vipande vikawa vinadondoka kila siku, vidogo vidogo, na Baba anaviokota haraka anatia mfukoni kabla mke wangu hajaona, suruali yake ikawa inatembea inalia.

Sasa jumuiya ikawa zamu ya kwetu. Watu wamejaa sebuleni, rozari imeanza, tumefika tendo la pili kipande kikamwangukia katekista kwenye upara. Katekista ni mtu mvumilivu, akajifuta akaendelea. Cha pili kikatua kwenye bakuli la karanga. Baba akanyanyuka kistaarabu kama anaenda msalani, kumbe amekwenda kuchukua ngazi, amepandisha suruali juu isishike vumbi, huyo darini na tochi ya simu kumtafuta anayesukuma puti yake.

Sisi chini tukaanza kusikia hatua. Kwa kweli ukiwa katikati ya Salamu Maria na juu ya kichwa chako kuna mtu anatembea, imani inapimwa. Mama mmoja akapandisha sauti, wengine wakamfuata, tukawa tunasali kama tunagombana. Jipsam ya dari ni milimita tisa tu, ile haibebi mtu, ukiwa juu unakanyaga mbao basi, ila mzee wa watu nani angemwambia na hatukujua yuko huko. Ikasikika KRAAK, vumbi jeupe, na mguu wa baba mkwe huooo ukaning'inia katikati ya sebule mpaka paja. Kandambili ikatangulia, ikatua miguuni pa sanamu ya Bikira Maria.

Watu wananipigia kelele, shika mguu! shika mguu! Aisee mimi ule ni mguu wa MKWE. Na paja liko nje. Nimelelewa kwamba mkwe ukimuona hata anaoga mbali unageuza njia, leo nimkumbatie paja mbele ya kanda nzima? Nikanyoosha mikono nimegeuza uso ukutani, napapasa hewa, mke wangu analia na kucheka kwa pamoja, mpaka katekista akapanda stuli akaukumbatia yeye. Kutoka juu ikasikika sauti ya ualimu kabisa: "Endeleeni na sala, niko salama."

Alichubuka tu. Fundi jipsam alikuja Jumatatu akacheka kwanza nje ndiyo akaingia. Akasema paa lilipigwa mbao mbichi, na mbao kiangazi inasinyaa kwa upana na unene, mvua zikija inakunywa unyevu inanenepa, wakati ukuta wa tofali umekaa pale pale, kwa hiyo kwenye ile kona patacheza kila mwaka mtake msitake. Ufa ukiujaza kitu kigumu ukiwa wazi, ukitaka kujifunga unakitema. Akauliza milango inagoma? kuna ufa wa mshazari kwenye tofali? kuna unaopanuka bila kurudi? Tukasema hapana, akasema basi msingi hauna shida, ingekuwa hivyo angetuambia tuache dari tuangalie chini.

Akakwangua puti yote, akabandika mkanda wa jipsam pale konani, ameufunga upande wa dari peke yake, upande wa ukuta ameuacha huru uteleze. Maungio ya bodi za jipsam kwa jipsam akayafungua, tepu ya nyavu, unga wa jipsam tabaka nyembamba nyembamba, msasa. Misumari akatoa akaweka skrubu. Lile shimo la mguu akalikata mraba, akaongeza mbao kwa nyuma, akaweka kipande kipya.

Baba alisikiliza yote akiwa kwenye kochi amenyoosha mguu, daftari mapajani, mwishoni akasema maelezo ya fundi yanakubaliana na vipimo vyake. Halafu akasema ataridhika zaidi akipanda mwenyewe kukagua zile skrubu. Ngazi ipo kwa jirani mpaka leo, akiulizia tunamwambia imeazimwa na parokia.