Nilijipikia Pilau la Kesi Yangu Mwenyewe

Najua mmeshasikia kwamba ukoo ulikaa kikao sebuleni kwangu, na mshtakiwa nikiwa mimi. Grupu la ukoo limeshasikia, kazini wameshasikia, na jana muuza chapati wa pale kona kaniuliza, "Dada, Ujerumani unaondoka lini?" Acha basi niseme mwenyewe, maana toleo la wifi yangu lina watu wengi kuliko waliokuwepo sebuleni. Wifi, nasema dada wa mume wangu, si ile ya intaneti. Ingawa siku ile zote mbili ziliniangusha.

Mnaonifuata siku zote mnanijua: mkutubi, Tanga, mume mmoja, watoto wawili, na Second Life. Wageni wasioijua, wala si mchezo wa kupigana, na humo hakuna mshindi. Ni dunia ya kwenye kompyuta, iliyofunguliwa mwaka 2003 na kampuni moja ya San Francisco, na karibu kila kilichomo, kuanzia nyumba hadi viatu hadi mnazi, kimetengenezwa na wakazi wenyewe. Unajitengenezea mtu wako, unamvisha, unamtembeza, mkichoka kutembea mnaruka kama kunguru. Niliisikia nikiwa chuoni Bagamoyo, tulipoambiwa kwamba wakutubi wa Marekani walijenga kisiwa kizima cha maktaba humo mwaka 2006. Wenzangu waliandika kwenye daftari kwa ajili ya mtihani. Mimi nikahamia.

Mtu wangu wa humo namwita Pacha. Ana kiwanja cha mita za mraba 512, ufukweni, chenye baraza, rafu ya vitabu na moto wa kuni usiozimika. Napanga kwa Linden 300 kwa wiki. Linden ndiyo hela ya kule, na hizo ni kama elfu tatu zetu. Kila Jumamosi saa nne usiku nawasomea watu kitabu: nesi mmoja aliyeko Minnesota, kwake ni mchana, mzee wa Kizanzibari aliyeko Muscat, na Mjerumani aliyejifunza Kiswahili ukubwani, ambaye kwa sababu zake mwenyewe ana umbo la mbweha. Mbweha mwenye mabawa. Msiniulize. Kule kila mtu anavaa anachotaka, na mabawa yenyewe ni mapana kama turubai la lori.

Mwezi huu tunasoma Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, cha mwaka 1960, yule mpelelezi Bwana Msa na kiko chake. Nakipenda kitabu hicho kuliko ninavyowapenda baadhi yenu. Kazini nakala yake imeshikishwa kwa gundi mara nyingi mpaka mgongo umekuwa mgumu kama ubao, na bado haikai rafuni siku mbili. Shaaban Robert ni wa kwetu, kazaliwa Vibambani hapa hapa Tanga mwaka 1909, namheshimu kama babu. Lakini Bwana Msa ndiye ninayelala naye.

Sentensi hiyo nayo niliitamka kwa sauti, usiku ule. Mtaona.

Mama mkwe alikuwa kwangu wiki ya pili, ametoka Pangani kuja kutolewa mtoto wa jicho. Analala chumba cha watoto, na kati ya chumba hicho na meza yangu kuna pazia. Mlango ulitolewa kwenda kunyooshwa mwaka juzi, fundi bado anaunyoosha. Mimi nimevaa vipokea sauti masikioni. Kwa hiyo katika mazungumzo ya watu wanne, yeye alisikia mtu mmoja tu. Haya ndiyo aliyoyasikia, kwa mpangilio wake, kama yalivyosomwa baadaye mbele ya kikao:

"Karibuni ufukweni jamani. Kodi nimeshalipa, hatufukuzwi."

"Semeni tu kwa sauti, mume wangu amelala."

"Kwa kweli Bwana Msa ndiye ninayelala naye."

Halafu yule mbweha akanasa mlangoni. Ndugu zangu, mabawa hayapiti kwenye mlango wa baraza, nimemwambia mwezi mzima. Nikasema, na nilisema kwa upole, kama unavyomwambia mgeni:

"Vua. Vua tu, usione haya, hapa sote tumezoeana. Hata jana ulivua."

Mama mkwe hakusema kitu. Asubuhi alikunywa chai, akapiga simu tatu akiwa uani, akarudi akaniambia, "Mkwe wangu, leo baada ya adhuhuri tuna wageni. Pika pilau la kutosha."

Nikapika. Kilo tatu. Nilichagua mchele nafaka kwa nafaka, nikakaanga vitunguu mpaka vikawa na rangi ya kahawa, nikatwanga bizari nzima kwenye kinu maana ya kwenye pakiti haina harufu. Kachumbari nikaweka, ndizi nikaweka. Kuna watu wanajichimbia kaburi. Mimi la kwangu nililitia mdalasini.

Wakaja: ami kutoka Muheza na kofia yake ya kushonwa kwa mkono, shangazi, mjomba, na wifi na mwanawe wa darasa la pili na simu yake iliyojaa chaji. Wakala kwanza. Wakasifu. Ami aliongeza mara mbili. Walipokwisha kunawa ndipo ami akakohoa, akasema, "Mwanetu, tumekuja kwa heri. Tumesikia una kiwanja."

Nikacheka. Kosa la kwanza. Mshtakiwa hatakiwi kucheka.

"Kiko Ushongo, kule Pangani, au Kigombe?" akauliza mjomba.

"Na huyo Bwana Musa," akadakia shangazi, "ni mtu wa wapi?"

Nikamtazama baba watoto. Mtu anayejua habari za Pacha tangu tunachumbiana! Alikuwa anauchunguza mfupa wa mbuzi kwenye sahani kama mwanafunzi wa udaktari kabla ya mtihani. Kaka zangu mnaosoma hapa, mama zenu wakizungumza nanyi mnageuka vijiti vya kiberiti, hilo tutalizungumza siku nyingine.

Nikaeleza. Nilieleza vizuri sana, ndivyo nilivyodhani. Nikasema ni nyumba lakini haipo. Kodi nalipa, ila si kwa shilingi. Bwana Msa ni mtu wa kitabuni. Aliyekuwa anavua ni mbweha. Nilipofika kwenye mbweha, shangazi akaanza kunitazama kama watu wanavyotazama mgonjwa aliyecheleweshwa hospitali.

Hapo ndipo nilipotamka maneno ambayo ningeweza kuyarudisha mdomoni ningeyarudisha na meno: "Ngojeni niwaonyeshe."

Nikachomeka waya kwenye runinga. Bando langu limeisha, wifi kwa moyo mweupe akanigawia intaneti ya simu yake. Nikaingia.

Ikaja bahari. Ya buluu, na minazi. Mama mkwe, ambaye bandeji ya jicho ilitolewa Ijumaa na tangu siku hiyo alikuwa anasoma hadi maandishi ya kwenye kiberiti, akasema, "Mashallah, si Ushongo hiyo?" Nikapumua.

Sasa, intaneti ikiwa dhaifu, mtu wa Second Life haji kwa mkupuo. Analetwa vipande vipande kama mizigo ya basi la usiku. Pale anaposimama Pacha pakawa na wingu la moshi.

"Moshi wa nini?" akauliza shangazi.

"Subiri shangazi, ni mimi huyo."

Wingu likaondoka, zikaja nywele. Nywele tu. Rasta ndefu mpaka usawa wa kiuno, zimening'inia hewani, zinapepea kwa upepo wa bahari, na chini yake hakuna kichwa. Sebule ikanyamaza. Chini kidogo ya nywele yakaja macho mawili.

Yakapepesa.

Shangazi akaanza Ayatul Kursi. Mjomba akaitikia.

Mimi sikuwa naogopa nywele wala macho. Mimi nilikuwa najua kinachofuata. Kule mwili ni mzigo mmoja na nguo ni mzigo mwingine, na mwili ndio hutangulia. Nikabonyeza kufunga. Mshale ukageuka kuwa kile kiduara kinachozunguka. Nikabonyeza tena. Kikazunguka. Nikaunyoosha mkono kwenye waya wa runinga, lakini kati yangu na waya alikuwepo ami, na kati ya ami na waya ilikuwepo sinia.

Mwili ukaja.

Pacha akasimama ufukweni kama alivyozaliwa, ila hakuna mtoto aliyewahi kuzaliwa na makalio yale. Yale niliyaongeza mwenyewe siku moja ya huzuni, kwa kuburuta kitufe mpaka kikagoma. Inchi 43, runinga yenyewe. Na Pacha hasimami kama ninavyosimama mimi. Nilimnunulia mikao. Kila baada ya sekunde kadhaa anashika kiuno, anageuka taratibu, anatazama nyuma juu ya bega.

Akashika kiuno.

Nikasema moyoni, ya Rabi, usigeuke.

Akageuka. Taratibu.

Ami alivua kofia akajifunika uso. Heshima yake naipokea. Lakini ninyi watu wa pwani mnaijua kofia ya mkono: ni vitobo vitupu. Baba watoto sasa alikuwa amemaliza mfupa, anachunguza mkeka. Mtoto wa wifi akauliza kwa sauti ile ya watoto isiyojua kushuka, "Bibi, huyo ndiye anti? Mbona kule kanenepa nyuma?"

Na mama mkwe? Mama mkwe alivuta kiti mbele. Jicho limemgharimu, ana haki ya kulitumia.

Mngedhani imeisha. Ilikuwa Jumapili, na Ujerumani Jumapili maduka hufungwa, mtu hana pa kwenda. Mbweha akatua barazani pangu, bila mabawa, na mimi sauti nilikuwa sijazima. Spika zote za runinga zikasema, kwa Kiswahili safi cha mtu aliyejifunza kwa bidii:

"Mwenyeji, shikamoo! Leo nimekuja nimeshavua!"

Gauni la Pacha likafika hapo. Sasa ndiyo likafika! Gauni refu, mikono mirefu, la heshima kabisa.

Ilichukua muda gani? Baba watoto anasema sekunde ishirini. Wifi anasema dakika tano, na anasema ana picha. Maktabani kila somo lina namba yake ya rafu, na kwa namba zote ninazozijua, sijui aibu hii ningeipanga rafu gani. Fasihi ya Kiswahili ni 896.392. Majini na mizimu ni 133. Shangazi angependa 133. Na Rosa Mistika cha Kezilahabi, cha mwaka 1971, kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni kwa kusema mambo waziwazi. Mimi sikusema hata neno moja.

Yaliyofuata siyasimulii sana. Nililia kidogo, baba watoto akapata sauti akaeleza kila kitu kwa dakika mbili, maneno yale yale yangu, na yeye akaaminiwa. Ami akauliza kama hicho kiwanja kina hati. Nikasema hakina. Kinalimika? Hapana. Watoto watakirithi? Hapana. Akanitazama kwa huruma kuliko alivyonitazama kwa Bwana Musa. Akaomba afungiwe pilau lililobaki, akapanda gari la Muheza.

Wifi kabla hajafika kwake alishatuma sauti ya dakika tisa kwenye grupu: nacheza uchi kwa Wajerumani, Pangani, kwenye kiwanja kisicho na hati. Jumatatu kazini mwalimu mmoja mstaafu, mzee wa watu, alirudisha kitabu kimechelewa siku nne akaniuliza kama faini inapokelewa kwa Linden. Wale mnaoniandikia faragha kuomba hiyo picha, nawaona, majina ninayo, na siku mtakapokuja kuazima kitabu tutaonana.

Kitu kimoja wifi hakukisema, sababu alikuwa ameshaondoka. Jioni ile, bando nikiwa nimeshaongeza, mama mkwe alikuwa bado kwenye kiti chake mbele ya runinga. Akanyoosha kidole kwenye rafu ya barazani kwa Pacha. "Kile ni kitabu gani?" Nikamwambia. Akasema marehemu mumewe alikuwa nacho, akimsomea taa ikiwa imepunguzwa, yeye hajui kilikoishia maana siku zote alisinzia katikati. Nikakitoa kile cha karatasi, cha kazini, chenye gundi. Nikasoma. Mbweha naye alikuwa bado yupo, anasikiliza. Walibishana kuhusu Bwana Msa mpaka Isha, na mara mbili nilimsikia mama mkwe akimwita "mwanangu".

Jumanne alirudi Pangani. Jana usiku saa tatu na nusu simu ikaita, hata hali yangu hakuuliza.

"Yule mnyama ameshafika?"

"Bado mama."

"Akifika asianze bila mimi. Niweke hiyo simu karibu na spika." Akanyamaza kidogo. "Na wewe, mkwe wangu, vaa kabla hujafungua."