Na jiji la La Paz, Bolivia, je?
Katika makala yake ya safari, mwandishi ameisifu Bolivia, nchi ya Amerika Kusini, kwa uwanda wa chumvi wa Uyuni, na kweli, uwanda ule mweupe pe wa zaidi ya kilomita za mraba 10,000 unakuacha mdomo wazi. Lakini moyo wangu ulibaki La Paz. Mji uko juu mno, mita zaidi ya 3,600, kichwa kikanigonga siku mbili, mpaka mama mmoja sokoni akanipa chai ya majani ya koka, akakataa pesa yangu. Sijamsahau yule mama.

Halafu Yungas, eneo la mabonde huko huko Bolivia! Huko wanaishi Wabolivia weusi, wazao wa Waafrika waliopelekwa utumwani, na ngoma yao ya saya. Nilicheza nao hadi usiku. Mwandishi, ukirudi usiwapite hao.