Lami iishie nje ya hifadhi

Mwandishi anayetaka barabara ya kwenda Kanda ya Ziwa iwekwe lami kupita ndani ya Hifadhi ya Serengeti, upande wa kaskazini, anadai wanaoipinga hawawajali watu wa Loliondo, mashariki mwa hifadhi. Si kweli. Mgonjwa wa Loliondo anastahili barabara nzuri sawa na wa Arusha mjini, na lami inaweza kumfikia bila kukata hifadhi. Mahakama ya Afrika Mashariki ilishazuia lami ndani ya hifadhi mwaka 2014. Nyumbu zaidi ya milioni moja wanahama kila mwaka kati ya Serengeti na Masai Mara ya Kenya! Barabara ya vumbi angalau inampunguzia dereva mwendo. Weka lami uone malori usiku kucha (na matuta madereva wetu tunajua wanavyoyaheshimu). Anayetaka kufika Kanda ya Ziwa ajengewe barabara ya kusini mwa hifadhi, kupitia Karatu, Haydom na Meatu. Ni ndefu, ndiyo, ila vijiji vinavyoihitaji viko huko.