Africa Online walilala ama walifungiwa njia?

Kuna ubao wa duka moja la hardwea hapa Kisumu, ukienda upande wa Jubilee, rangi imebanduka lakini chini kabisa bado unasoma anwani ya barua pepe inayoishia na africaonline.co.ke. Wiki jana nilisimama pale na mjomba wangu, yeye alikuwa na saiba ndogo, duka la kulipia intaneti kwa dakika, mjini miaka ya 2001, na huo ubao ndio ulituanzishia ubishi. Mjomba anasema hao jamaa wa Africa Online, kampuni ya zamani ya kuuza intaneti, waliuza kampuni mapema wakalala. Mimi naona walifungiwa njia.

Kwanza wapewe haki yao. Africa Online ilianzishwa 1994 na Wakenya watatu waliokuwa wamesoma Marekani kwa vyuo vya MIT na Harvard, Ayisi Makatiani, Karanja Gakio na Amolo Ng'weno. Wakati huo Wakenya wengi hata kompyuta hawajaigusa, na hao vijana wakafanya jina lao likawa ndilo intaneti yenyewe, mtu akisema ana imeili wewe unajua inaishia na nini.

Sasa mjomba ana pointi yake na si ndogo. Kampuni ilipita mikono ya Prodigy ya Marekani, halafu African Lakes, kampuni yenye asili ya Scotland iliyoanza karne ya 19, halafu 2007 ikanunuliwa na Telkom ya Afrika Kusini. Mtoto akilelewa na mama wa kambo watatu, anasema mjomba, nani atajua anapenda kula nini? Hapo sina jibu la haraka.

Lakini mtu asiseme walilala bila kuangalia walikuwa wanauza nini. Walikuwa wanauza njia isiyo yao. Laini ya simu ilikuwa ya Telkom Kenya, kampuni ya simu ya serikali wakati huo, na mlango wa kutoka nje ya nchi pia ni wa Telkom Kenya kisheria mpaka 2004. Kebo ya baharini hakuna, kila kitu kinapanda setilaiti iliyo juu kilomita karibu 36,000. Yaani wewe uko Kondele na mwenzako yuko Milimani, nyinyi wawili mko na kampuni tofauti za intaneti, barua pepe yako inaenda mpaka ng'ambo ndio irudi Kisumu, na hiyo safari inalipwa kwa dola. Makampuni yenyewe yaliona huu ni wazimu yakaungana yakafungua KIXP Nairobi mwisho wa 2000, mahali pa kubadilishana data hapa hapa nyumbani. Haikumaliza hata mwezi, Telkom Kenya ikalalamika kwamba haki yake imeingiliwa, CCK, mdhibiti wa mawasiliano wa serikali, akaamuru ifungwe, ikaja kurudi Februari 2002. Hiyo inaniuma mpaka leo, kwa sababu nilikuwa nakaa pale kwa saiba ya mjomba baada ya shule na niliona mteja akilipia dakika kumi na tano huku ukurasa wa Yahoo umefunguka nusu, picha inashuka mstari kwa mstari, mama wa watu anataka tu kujua kama kijana wake amefika salama.

Mahali nakubaliana na mjomba ni baada ya hapo. Ukiritimba uliisha, kebo ya baharini ya SEACOM ikafika Mombasa Julai 2009, kebo ya TEAMS nayo mwaka huo huo, bei ya kupitisha data ikashuka, na nani alikuwa tayari? Safaricom, wenye minara mpaka kijijini na kadi ya kukwangua kwa kila kioski. Watu wetu wa huku hawakungoja laini ya mezani, waliingia intaneti na simu ya mfukoni, na mimi sijawahi ona Africa Online ikimfuata mama wa soko la Kibuye na kitu cha shilingi ishirini. Hilo ni kosa lao, sheria isisingiziwe. Ila kampuni iliyotumia miaka yake ya nguvu kulipia setilaiti ingepata wapi pesa ya kujenga minara?

Nikamuuliza mjomba, hizo bei za baada ya kebo ungezipata 2001, ungefunga saiba? Akauangalia ule ubao kidogo, akasema angeongeza kompyuta tatu.