Ukuta mtupu wa saa tatu asubuhi

Saa tatu asubuhi ukuta hauna kitu ila jedwali lililochorwa kwa utepe: vyumba upande huu, saa upande ule. Mezani kuna rundo la karatasi na kalamu nene za wino. Mwezeshaji anaeleza utaratibu kwa dakika chache, anakaa pembeni, na watu karibu mia moja waliokuja kuzungumzia teknolojia wanabaki kutazamana. Baada ya dakika ishirini ukuta umejaa mada walizoandika na kuzibandika wenyewe. Ndivyo linavyoanza kongamano linaloendeshwa na washiriki wenyewe, lisilo na wazungumzaji walioalikwa wala ratiba iliyotangulizwa. Nimehudhuria ya aina hii mara kadhaa, na kila ninaporudi kazini naulizwa swali lile lile: kuna la maana mnalopata huko, au ni soga tu?

Mtindo wenyewe si mgeni. Harrison Owen, Mmarekani, alihangaika mwaka mzima kuandaa mkutano wa kimataifa uliofanyika 1983, halafu akaambiwa, naye akakubali, kwamba kilichowafaa watu zaidi ni mapumziko ya kahawa. Mwaka 1985 akaitisha mwingine usio na ajenda kabisa. Kwake ndiko ilikotoka kanuni ya miguu miwili: ukijiona hujifunzi wala huchangii, inuka uende kwingine.

Watu wa kompyuta waliupokea mtindo huo kwa nguvu miaka ya 2000. Kampuni ya Tim O'Reilly, mchapishaji wa vitabu vya kompyuta, ilianzisha mkusanyiko wa Foo Camp mwaka 2003, lakini ulikuwa wa walioalikwa tu. Agosti 2005, huko Palo Alto, California, kundi dogo la waandika programu likaandaa mkusanyiko wao ulio wazi kwa yeyote, kwa maandalizi yasiyofika hata wiki. Waliuita BarCamp, wakicheza na maneno «foo» na «bar» ambayo waandika programu huyatumia kama majina ya mfano. Walifika watu wapatao 200, na baadaye jina hilo likasambaa katika miji mingi duniani. Chris Messina, mmoja wa waandalizi hao, ndiye aliyependekeza mwaka 2007 kwamba watu wa Twitter watumie alama ya # kukusanya mazungumzo ya kundi moja, na mfano alioutoa ulikuwa #barcamp.

Lakini historia haimjibu anayeuliza kama safari inalipa. Mimi humjibu kwa kikao kimoja. Mwanamke fulani alibandika karatasi iliyoandikwa: «Nakala rudufu zetu zilikataa kurudi. Nani mwingine yamemkuta?» Yaani nakala za akiba za data yao hazikuweza kurejeshwa. Tuliingia watano. Akafungua kompyuta yake akatuonyesha kumbukumbu za seva: miezi minane, kila usiku, mfumo unaripoti kuwa kazi imekamilika, na kila faili lina baiti sifuri, yaani ni tupu. Hakuwa na slaidi hata moja. Mwenzetu aliyekaa dirishani akasema kwao ilitokea vivyo hivyo, chanzo kikiwa diski iliyojaa na hati ya amri, yaani programu fupi inayoendesha kazi hiyo, iliyomeza kosa badala ya kulipigia kelele. Wiki iliyofuata nilijaribu kurejesha hifadhidata yetu, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, na nikakuta tatizo letu wenyewe.

Kikao kama kile ni vigumu kukipata kwenye kongamano la kawaida. Mtu akiandika muhtasari wa mada yake miezi sita kabla ili kamati imkubali, huandika alichofaulu, tena kwa jina la mwajiri wake. Aibu na makosa hayapandishwi jukwaani. Kwenye duara la viti vitano yanasemwa, na fundi hujifunza zaidi kwa kilichoharibika.

Hata hivyo, siku hiyo hiyo, kwenye ukuta huo huo, niliona upande wa pili. Kijana mmoja alisimama karibu na foleni ya wanaobandika mada, karatasi yake ameikunja mkononi. Kila alipotaka kusogea, mwenye sauti kubwa alimtangulia. Nafasi zikaisha. Jioni nilimuuliza alitaka kuzungumzia nini, akanieleza jinsi alivyotengeneza programu ya kukagua tahajia ya lugha yake ya nyumbani, yenye viambishi vingi vinavyovuruga vikaguzi vya kawaida. Ilikuwa kazi safi, na hakuna aliyeisikia.

Hilo si bahati mbaya ya siku moja. Tangu 1970 mwanaharakati Jo Freeman alikuwa akieleza kwamba kundi linalojiita halina muundo huwa na muundo wa kificho, na wenye kuufaidi ni wanaojuana. Ukuta mtupu unaonekana kumpa kila mtu haki sawa, lakini anayeukimbilia ni mzoefu, anayejiamini, anayezungumza lugha ya ukumbini bila kujiuma ulimi. Kanuni ya miguu miwili nayo inakata pande zote: mtu mzoefu akiachwa na wasikilizaji kumi hucheka, lakini anayesimama mara ya kwanza akiona migongo ya watu huenda asisimame tena.

Watetezi wa kamati husema kamati inaweza kumtafuta kijana yule kwa makusudi na kumlipia nauli. Ni kweli inaweza. Ila nimeona kamati nyingi zikichagua majina yale yale mwaka baada ya mwaka, kwa hiyo siwezi kuikabidhi kazi hiyo na kulala usingizi.

Bado nauchagua ukuta mtupu, kwa sharti kwamba waandalizi waache kuamini kuwa utajigawa wenyewe kwa haki. Wasiowahi kuongea watangulizwe kubandika. Theluthi ya nafasi ibaki wazi hadi mchana, kwa sababu mada nyingi nzuri huzaliwa kwenye vikao vya asubuhi na waoga hupata ujasiri wakishaona wengine wakikosea. Kila chumba kiwe na mtu mmoja wa kuandika yanayosemwa, la sivyo mazungumzo kama yale ya baiti sifuri yataishia kwa watu watano.

Na wewe unayekwenda mara ya kwanza, andika swali lako nyumbani kabla hujatoka, kwa sentensi moja, kwenye karatasi utakayoibandika. Ukifika pale mbele ya foleni, mikono huwa mizito.