Ki-67 asilimia 100, halafu?

Nimeletewa ripoti ya biopsi ya tezi (kinyama kilichokatwa ili kipimwe): "Limfoma kali ya seli B. Ki-67 asilimia 100. Inaelekea Burkitt. Ioanishwe na hali ya mgonjwa." Basi. Limfoma ni saratani ya seli za kinga, na Burkitt ni aina yake inayokwenda mbio mno. Lakini protini za kuitambua aina hiyo hazikuandikwa: BCL2 haipo, MYC haipo, hata CD10 haikutajwa. Hiyo "ioanishwe" ndiyo iliyonipandisha mori. Daktari wa wodini kaleta kinyama ili ajibiwe, anarudishiwa swali lake mwenyewe!

Jamani, Ki-67 inaonyesha seli zilizo mbioni kugawanyika. Ukoo wa seli hizo haiujui. Burkitt yenye Ki-67 ya 70 ni ya kutiliwa shaka, hilo sibishi. Lakini DLBCL (limfoma nyingine, ya seli B kubwa) zinazopita 90 zipo tele, na limfoma ya limfoblasti nayo inaweza kupanda huko huko, ndiyo maana tuna TdT, protini ya seli changa, ya kuitambua. Kwa hiyo Ki-67 inafaa zaidi kuikataa Burkitt kuliko kuithibitisha.

Denis Burkitt alieleza uvimbe wa taya za watoto wa Uganda mwaka 1958 bila kingamwili hata moja ya hizi tunazotumia kutia protini rangi kwenye slaidi. Sawa, ila yeye alikuwa na mtoto mzima mbele yake. Sisi tuna uzi wa nyama kwenye slaidi.

Tuje kwenye BCL2. Burkitt ya kawaida inashika rangi ya protini za CD20, CD10 na BCL6, huku BCL2 ikikosekana au ikififia sana. Ikija kahawia nzito, yaani protini ipo tele, simama hapo hapo. Na ikija hasi, usishangilie. Tafuta kwanza zile seli T ndogo zilizojipenyeza katikati ya uvimbe, maana hizo kwa kawaida zina BCL2 yake. Zikiwa nazo zimebaki bluu tupu, basi rangi imegoma: huna jibu hasi, una slaidi mbovu. Kuna na ujanja mwingine. Seli T zinashika vizuri, uvimbe haushiki, kumbe protini imejaa ila mabadiliko ya jeni yameificha isionwe na kingamwili ya kloni (toleo) 124. Rudia kwa kloni nyingine, E17, uone.

Haya si mapambo. Burkitt inaweza kujiongeza maradufu ndani ya siku moja au mbili, na R-CHOP, mchanganyiko wa dawa wa kawaida wa DLBCL, peke yake haiiwezi. Mzee mwenye DLBCL naye ukimtwisha dozi za Burkitt bure, unaweza kumuua kwa dawa.

Haya, nakubali shingo upande: protini hazimalizi kesi, na kuvunjika kwa jeni ya MYC kunataka FISH, kipimo kinachoangalia jeni zenyewe. (MYC asilimia 40 na BCL2 zaidi ya 50 kwenye slaidi ni wingi wa seli zenye protini tu, bado si "double hit", yaani kuvunjika kwa jeni zote mbili, tuache kuchanganya.) Lakini FISH kukosekana hakumzuii mtu kuandika kilichopo. Andika BCL2. Andika kama seli T zimeshika. Na kama kingamwili imeisha, andika imeisha, kinyama kipelekwe kwingine leo leo.